Beseni la Verda

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Enos Amstutz mwenyewe, amelazwa katika chumba cha chini chenye dirisha linalotazama zizi. Binti yake Lois, daktari wa ubongo, aliyeendesha gari tangu alfajiri kutoka Chikago mpaka huku Ohio. Mwanawe Merle, mfugaji, aliyeacha viatu vya zizini mlangoni akaingia na soksi. Wilmer Nussbaum, jirani yao na shemasi mstaafu, kwenye kiti cha kutikisika ambacho hakuna aliyemkaribisha lakini kila mtu anajua ni chake. Rhoda, mke wa mjukuu wake Galen, aliyekuwa akimlisha na kumgeuza mzee tangu theluji ilipoyeyuka. Na Keturah, mtoto wa Rhoda, ambaye bado alikuwa hajui kusema, ila mzee alisisitiza naye ahesabiwe, kwa sababu katika chumba kile ni yeye peke yake ambaye hajawahi kubishana na mtu.

Rhoda alikuwa amepika supu ya kuku na tambi. Mzee alikunywa vijiko vichache ili tu kumfurahisha mpishi, na Rhoda alilijua hilo, akamshukuru moyoni. Merle na Lois walikuwa wakizungumza habari za mvua. Tangu mama yao, Verda, alipozikwa, hao wawili hawakuwa na mazungumzo mengine: mvua, ukungu, barafu barabarani. Lakini Rhoda aliona kwamba Merle alimmiminia dada yake kahawa bila kumuuliza, akaiacha nyeusi, bila sukari wala maziwa, kama Lois anavyoipenda. Mtu haweki akilini jambo kama hilo kwa ajili ya mtu aliyemtupa.

Lois alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Aliingiza mkono chini ya blanketi akaishika miguu ya baba yake, kama madaktari wanavyoshika, kupima ubaridi umepanda mpaka wapi. Uso wake haukusema kitu. Ila mkono hakuutoa.

"Niinulieni mto," alisema Enos. "Sasa sikilizeni. Nina maneno ya kuwaachia, na pumzi niliyo nayo haitoshi kuyasema mara mbili, kwa hiyo msinikatize. Wilmer, hasa wewe."

"Mimi nimesema nini?"

"Bado hujasema. Ndiyo maana nakuwahi."

Wilmer akafunga mdomo, akatikisa kiti. Mzee akavuta pumzi, akaanza.

"Tuanze na vitu, maana vitu ni vyepesi. Shamba ni la Merle, amelitolea jasho tangu ana sauti ya mtoto. Nyumba hii ni ya Galen na Rhoda. Usilie, Rhoda, utamwamsha mtoto. Umenigeuza ubavu kwa ubavu miezi yote hii na hata siku moja hukunishika kama gunia. Vitabu vyangu vya hisabati wapewe chuo wakivitaka, na wasipovitaka, Wilmer ana jiko la kuni.

"Hayo yamekwisha. Sasa lile zito. Lois, mara ya mwisho nilipokuja kwako Chikago uliwaalika wenzako chakula. Yule mwenye ndevu nyekundu alikufuata jikoni akakuuliza, akidhani wazee wote ni viziwi, 'Mtu mwenye kichwa kama kile, anaaminije mambo yale?' Na wewe ukamjibu, 'Ndivyo alivyolelewa.' Ulisema kwa upole, mwanangu. Ulikuwa unanifunika, kama mtu anavyomfunika mgonjwa blanketi mbele ya wageni. Mimi nilikaa pale mezani nikaendelea na pai yangu, na pai ilikuwa nzuri."

"Baba, sikumaanisha..."

"Najua ulichomaanisha. Sikukasirika siku ile na leo sijakasirika. Lakini ninaondoka, na watu wa chuo watakuja kwenye mazishi, watakula tambi zetu na kukuuliza swali lilelile, na mimi sitakuwepo hata chumba cha pili. Hilo ndilo ninaloliogopa, si kaburi. Naogopa kwamba nusu ya maisha yangu itaelezwa na mtu ninayempenda kama dalili ya ugonjwa fulani.

"Na wewe, Merle, usicheke ndani ya kahawa. Nilikusikia pia, kwenye darasa la Jumapili, wageni walipokuja. 'Hata profesa anaamini, itakuwa sisi?' Ulinisimamisha mbele ya watu kama ng'ombe wa maonyesho, na utepe wa bluu wa ushindi shingoni. Mwanangu, kama kuna Mungu, hana haja ya shahada yangu ya udaktari. Na kama hayupo, shahada yangu haitamleta. Mmoja wenu ananificha, mwingine ananitembeza uwanjani. Nawaomba wote wawili muache. Leo nitawaambia mwenyewe kwa nini ninaamini, halafu mtakuwa na maneno yangu, sio yenu."

Merle alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamekuwa mekundu. Rhoda aliona mzee anatafuta kitu kwa vidole juu ya blanketi. Alijua ni nini. Alikwenda dirishani akaleta kipande cha kamba, ile ya kufungia marobota ya majani makavu, akakiweka mkononi mwake. Miaka arobaini Enos alikuwa amefundisha hisabati ya mafundo kwenye chuo kikuu, na nyumba nzima ilikuwa na vipande kama hivyo, mifukoni, kwenye droo za vijiko, hata ndani ya Biblia.

"Asante, mama Keturah. Ni kweli nililelewa hivyo. Nililelewa pia kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, na hakuna aliyewahi kuniambia niache kuliamini hilo kwa sababu tu nilifundishwa na mama nikiwa namsaidia kukamua. Lakini usidhani siiheshimu hoja yako, Lois. Ninaijua kuliko unavyodhani. Mtu mwenye akili nyingi ana hatari yake. Akishalipenda jambo, analitafutia sababu kumi kabla ya kunywa chai, na zote zimenyooka. Asiye na akili akikosea anakwama palepale, mtu anamwona, anamsaidia. Mwenye akili akikosea anajenga ghorofa juu ya kosa lake, na watu wanakuja kupiga picha. Nimewaona wa aina hiyo wengi chuoni, wenye dini na wasio na dini. Kwa hiyo tangu ujana niliiogopa akili yangu mwenyewe. Nilijiuliza, Enos, hivi unaamini kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa wewe ni hodari wa kushona sababu?

"Tazama hii kamba."

Vidole vyake vilikuwa vimekonda, lakini kazi ile vilikuwa bado vinaijua. Aliikunja, akaipitisha huku na huku, ikawa kibumba cha kutisha, halafu akavuta ncha mbili na kibumba chote kikayeyuka, ikabaki kamba imenyooka. Keturah, ambaye alikuwa ameamka mapajani mwa mama yake, alifungua mdomo.

"Hilo lilionekana fundo, na halikuwa fundo. Sasa hili." Alifanya kitanzi kidogo tu, akapitisha ncha mara moja. Lilionekana si kitu. Akampa Lois upande mmoja. "Vuta."

Lois alivuta kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa bado chini ya blanketi. Fundo likakaza.

"Kazi yangu yote ilikuwa hiyo, kutofautisha hili na lile, na huwezi kutofautisha kwa kutazama. Lazima uvute. Wewe unadhani imani ya baba yako ni lile la kwanza, mkunjokunjo wa mazoea na hofu na nyimbo za mama, ambao mtu jasiri angeuvuta mara moja ukaisha. Mwanangu, mimi nimeuvuta. Nimevuta kwa nguvu zangu zote, na kwa nguvu za waliokuwa na akili kunizidi, nilisoma vitabu vyao nikawapa kila nafasi. Mengi yalifunguka, sikufichi. Niliyoambiwa utotoni kuhusu umri wa dunia, yalifunguka. Kwamba sisi tu ndio tutakaookoka na wengine wote wataungua, hilo nalo lilifunguka, na nilifurahi kuliona linakwenda. Lakini palibaki kitu kimoja katikati, na kila nilipovuta kilikaza."

Alipumzika. Mashine ya hewa ilikuwa ikinguruma kwa sauti ndogo pembeni. Wilmer aliinuka, akaunyoosha mrija uliokuwa umejikunja kando ya mto wa kulalia, akarudi kukaa. Kwanza alikuwa ameisugua mikono ili isiwe baridi karibu na uso wa rafiki yake.

"Mnajua siku ya meza ya Bwana inavyokuwa kwetu," Enos aliendelea. "Majani yakichipua, na tena majani yakipukutika. Tukishakula mkate na kunywa kikombe, wanawake wanakwenda chumba chao, wanaume wanabaki, na kila mtu anaosha miguu ya aliyekaa karibu naye. Kisha wanasimama, wanashikana mikono, 'Bwana akubariki,' basi. Na mnaijua pia siri yetu ndogo, kwamba hakuna mshiriki wa kanisa letu hili la Kimenonite anayekwenda kuoshwa miguu akiwa na miguu michafu."

Rhoda alitabasamu peke yake. Yeye mwenyewe, kila Jumamosi ya kabla ya ushirika, hukaa ukingoni mwa bafu na sabuni na mkasi wa kucha, akasugua visigino mpaka viwe vyekundu. Angekufa kwa aibu kama mama mwingine angemkuta na vumbi kati ya vidole.

"Mwaka nilipopata shahada yangu ya udaktari, watu walikuwa na wasiwasi nami. Hapa wengi walikuwa wameishia darasa la nane, na hawakukosa kitu. Kwenye kikao cha washiriki akasimama mtu, akasema kwamba aliyekula meza moja na wasiomcha Mungu miaka ile yote hawezi kurudi akiwa mzima, afadhali jina lake liondolewe. Mtu huyo yumo chumbani humu, anajitikisa kwenye kiti changu."

"Nilikuwa kijana," alisema Wilmer.

"Ulikuwa na watoto watatu."

"Basi nilikuwa nimechoka."

Lois alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile, na Merle akamtazama haraka, kama mtu aliyesikia sauti aliyodhani imehama.

"Jina langu halikuondolewa, lakini nilipokaa kwenye benchi palibaki nafasi huku na huku. Basi Jumapili ya ushirika ninatoka chuoni, gari likazima kwenye kilima cha akina Steiner. Nikaona nikifuata barabara nitachelewa, nikakata katikati ya malisho, na ninyi mnajua malisho ya ng'ombe baada ya mvua yanakuwaje. Kiatu kilizama, nikakivuta, kikatoka kimejaa. Nilipofika kanisani walikuwa wameshaimba, na nafasi ya kukaa ilikuwa moja tu, pembeni ya Wilmer, kwa sababu hata wakati ule Wilmer alikuwa mpana na watu walimwachia nafasi."

"Endelea na hadithi, uache mwili wangu."

"Nilimwona amenyanyua makalio kidogo, anataka kusogea ili amwoshe mtu mwingine. Nilimwona. Kisha akakaa. Beseni likafika, akapiga magoti, akanivua kiatu, akanivua soksi, na soksi haikutaka kutoka. Harufu ikapanda, benchi zima likageuka. Miguu yote ya kanisa myeupe kama viazi vilivyomenywa, na wangu una mavi ya ng'ombe mpaka juu ya kifundo. Wilmer akautazama. Akanitazama mimi. Akasema, na si kwa kunong'ona, 'Afadhali. Bado unanuka kama sisi.'"

"Sikusema 'sisi'," alisema Wilmer. "Nilisema 'bado unanuka kama mimi'."

"Ulisema 'sisi'. Kwa nusu karne nimeishi juu ya neno hilo, usije kulibadilisha leo. Akaniosha. Sisi huwa tunanyunyiza maji kidogo tu, tunapangusa, tumemaliza. Yeye aliosha, kati ya vidole, maji yakawa kahawia, akainuka mwenyewe kwenda kuyamwaga, akarudi na mengine ya moto, akapiga magoti tena. Miaka na miaka beseni lilikuwa likizungushwa kanisani kama pambo. Siku ile lilipata kazi. Na msichana mmoja upande wa wanawake, mwenye beseni, ambaye mama yake alikuwa akiliazimisha kanisa, aliliona linavyotoka, akaja nje kuuliza ni nani huyo aliyelitumia kama ndoo ya zizini. Akanifanya nilisugue kwa majivu mbele yake. Ndivyo nilivyomjua mama yenu."

Merle hakuwa amewahi kuisikia sehemu ya majivu. Wala Lois. Walitazamana, na safari hii hawakuharakisha kuondoa macho.

Kisha Lois akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayeheshimu anachokivunja, "Baba, lakini huo ni wema wa Wilmer. Si Mungu."

"Wema wangu?" Wilmer alisimamisha kiti. "Kamuulize mke wangu habari za wema wangu. Binti, mimi nilikuwa sitaki. Niliambiwa umwoshe aliyekaa karibu nawe, na aliyeniambia, Bwana mwenyewe, alikuwa amewaosha wale waliokuwa wanakwenda kumkimbia usiku uleule, na yule aliyekuwa ameshamuuza. Sasa mimi ningesema nini? Kwamba Enos ananuka?"

Enos alimwacha amalize. Rhoda aligundua kwamba mzee hakuwa na haraka ya kumkatiza Wilmer, hata kidogo.

"Umeuliza vizuri, Lois," alisema. "Na nitakujibu kama mtu wa kazi yangu. Hilo si thibitisho. Mimi najua thibitisho likoje, nimetafuta chakula kwa hayo, na sijawahi hata siku moja kusema ninalo la Mungu. Wapo watu wema wasioamini chochote, na mmoja wao amenishika miguu tangu mchana. Lakini sikiliza. Kila mahali nilipokwenda maishani, akili hii ilinipa kiti cha mbele. Shuleni, chuoni, kwenye mikutano, hata mbele ya polisi wa barabarani akisikia mimi ni profesa. Nilikuwa nimeanza kudhani kwamba mtu anapendwa kwa kadiri ya kichwa chake, na ukidhani hivyo unaishi kwa hofu, maana kichwa kitachakaa, kama changu kinavyochakaa sasa, mnaona natafuta maneno. Pale kwenye beseni hakuna aliyeuliza ninajua nini. Nilipendwa nikiwa na mavi mguuni, na mtu ambaye hakunipenda, kwa amri ya mmoja ambaye alidai kwamba ndivyo ulimwengu ulivyo kuanzia chini kabisa. Nikajisemea, hili ama ni kosa zuri kuliko yote waliyowahi kufanya wanadamu, ama ni kweli. Na sikuwa na njia ya kulipima nikiwa kitini. Lazima nilivute kwa kuishi ndani yake.

"Nimeishi ndani yake. Kuna miaka lilikuwa tupu, mnisikie wote wawili. Kuna miaka sikuweza kuomba hata sentensi moja. Nilikuwa nakwenda naimba besi, ile sauti ya chini, kwa sababu besi lazima iimbwe na mtu, na waliokuwa kulia na kushoto kwangu waliamini kwa niaba yangu mpaka niliporudi. Merle. Mwanangu. Siku ya kumzika mama yenu dada yako alisimama na mdomo umefungwa, na wewe ukamwambia pale mlangoni, mbele ya jeneza, 'Hata kuimba tu umeshindwa?' Kwa miaka mimi nilikuwa natoa sauti na ndani hamna kitu, na wewe ulinisifu. Yeye hakuwa na kitu akanyamaza, na wewe ukamwadhibu kwa mvua na ukungu mpaka leo. Kati yetu wawili, nani aliyekuwa mkweli zaidi siku zile? Mwache dada yako anyamaze. Kunyamaza kwake nako Mungu anakusikia, kama yupo, na mimi nasema yupo."

Merle aliinuka akaenda dirishani, akasimama amewapa mgongo, akitazama zizi ambalo halikuwa na jambo jipya. Alirudi na birika la kahawa. Akamjazia Lois kikombe, kilichokuwa bado kimejaa nusu.

"Itamwagika," alisema Lois.

"Basi kunywa."

Alikunywa. Rhoda aligeukia nepi ya mtoto ili yasionekane machozi yake.

Sauti ya mzee ilikuwa imeanza kushuka. Maneno sasa yalikuja kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu alingoja hewa.

"Mazishi yawe kanisani. Jeneza la mbao za mti wetu wenyewe, lisipakwe rangi. Maua hapana. Muimbe kwa sauti zote nne, na besi msiivute, Wilmer, unaivuta siku zote. Merle, usihubiri habari zangu. Peleka watu wakale. Atakayesimama kusema ni Lois."

"Mimi?" alisema Lois. "Baba, siwezi kusema kwamba ninaamini."

"Sijakuomba. Ukisema uongo huo nitaamka kwenye sanduku nikukatize."

"Basi niseme nini?"

Enos alifumba macho, na kwa kitambo Rhoda alidhani amelala. Kisha akasema, waziwazi kabisa, "Sema alifikiri. Usiseme alilelewa hivyo, wala usiseme aliogopa. Sema alifikiri, mpaka mwisho, na akabaki. Na yule mwenye ndevu nyekundu akikuuliza tena, mwambie hivyohivyo, halafu mpe pai."

"Nitasema," alisema Lois. "Alifikiri, akabaki."

"Ahidi."

"Naahidi, Baba."

Alionekana kama mtu aliyetua mzigo. Akaonyesha kwa kidole juu ya kabati, ambapo beseni la enameli lilikuwa limekaa, jeupe, lenye ukingo wa bluu, lililobanduka upande mmoja Lois alipoliangusha akiwa mtoto.

"Beseni la mama yenu. Ni la Lois."

Merle aliinua kichwa. "Baba, siku hizi wanawake wanalitumia kila ushirika. Na yeye yuko Chikago."

"Najua aliko."

"Basi umemtega."

"Sijamtega mtu." Ukingo wa mdomo wa mzee ulicheza. "Linatakiwa hapa mara mbili kwa mwaka. Anaweza kulituma kwa posta. Posta... wanafunga vizuri siku hizi."

Wilmer alicheka mpaka akakohoa. Lois hakucheka. Alikuwa sasa anaisugua miguu ya baba yake kwa mikono yote miwili, taratibu, kati ya vidole, na hakuwa tena anapima kitu.

"Njooni karibu," alisema Enos. "Mtoto pia. Mkono wangu... Rhoda, uweke juu ya kichwa chake. Hapo. Sina pumzi ya kusema kila mtu na yake. Merle, uwe mpole. Tayari wewe ni mpole, ila uwe... mbele ya watu pia. Lois, usiache kuvuta. Vuta kamba yako mpaka mwisho, usiogope kitakachobaki. Rhoda, ulale usingizi. Wilmer... wewe kaa hapo kitini. Bwana awabariki. Awaangazie... uso..." Alingoja hewa. "Miguu yangu ina joto," alisema kwa mshangao, na baada ya hapo hakusema tena maneno ya kueleweka.

Alifariki Alhamisi, ng'ombe wakikamuliwa. Siku ya mazishi watu wa chuo walikaa upande mmoja wa kanisa na watu wa hapa upande wa pili, na Lois akasimama katikati. Alisema baba yake alifikiri, mpaka mwisho, akabaki. Alisema, "Mimi sikubaki, na alinipenda vilevile." Akakaa. Wimbo ulipoanza, Merle alihama kutoka alipokuwa, akakaa karibu na dada yake, akamfungulia kitabu kati yao wawili, na hakumtazama mdomo.

Beseni lilikwenda Chikago. Tangu hapo majani yamechipua na kupukutika mara nyingi, Keturah sasa anakwenda shule, na kila ushirika beseni limekuwepo upande wa wanawake, na maji ya moto ndani yake. Halijawahi kuja kwa posta.